Tyubu Mbili Ulizoomba

Tunduma,
Ijumaa, baada ya swala.

Mjukuu wangu Hamadi,

Assalaam alaykum. Watu wakiandika barua husema wanatuma salamu nyingi kama mchanga wa pwani. Mimi mchanga usinitajie, na ukisoma mpaka chini utajua kwa nini. Salamu yangu ni moja, inatosha. Mama yako Zuhura mzima? Goti lake limetulia? Kuku wangu wapo, au mmeshawachinjia wageni? Sisi huku tu hai. Baridi ya Tunduma inaingia hata ukifunga mlango, vumbi nalo linaingia nyuma yake, na malori yamepanga foleni mpaka kule macho yanakoishia, yanangoja kuvuka kwenda Zambia. Mjomba wako Selemani naye yumo humo kwenye foleni na lori lake, anakuja kula anarudi kulala kwenye usukani.

Barua hii naiandika mwenyewe kwa mkono wangu wa ngumbaru. Usicheke mwandiko. Selemani aliniambia, "Mama, si umpigie tu simu." Nikamwambia, huyo mtoto nikianza kumsema mtandao unakuwa mbaya. Halo, halo, bibi sikusikii. Barua haina halo. Utakaa kitako uisome, na ukiikunja kabla hujaimaliza nitajua, maana mama yako nimemwambia akusimamie.

Kwanza habari za kaka yako. Katika ujumbe wako wote mrefu uliomtumia mjomba, Idi umemuulizia mstari mmoja, "Idi anaendeleaje?" Anaendelea kukaa. Hilo ndilo analoendelea nalo. Asubuhi mimi na Selemani tunamtoa kitandani, mjomba kashika kwapani, mimi nimeshika miguu, na miguu yenyewe imekuwa mizito kuliko mtu mzima, sijui kwa nini kitu kilichokufa kinazidi uzito. Tunamweka barazani juu ya magunia. Mpira wa mkojo uko ubavuni. Mgongoni ametoka vidonda viwili, kimoja kimefunga, kingine bado kinanuka, nakiosha kwa maji ya chumvi naye anatazama barabarani kana kwamba mgongo ule ni wa mtu mwingine. Hausikii. Ungekuwa unauma ningefurahi.

Huyo ndiye Idi uliyekuwa ukimkimbilia majini kama kifaranga nyuma ya mama yake.

Sasa nikueleze ilivyokuwa mpaka nikayajua yote, maana ninyi huko mliniambia nusu, na hiyo nusu mliipaka sukari. Mliniambia, "Idi amepigwa na upepo wa bahari, tunamleta kwako umkande." Nikaamini. Mimi nimekuja huku milimani kumlelea Selemani watoto wake, lakini mkono wangu wa kukanda nimekuja nao. Nilimkanda. Nilimkanda kwa mafuta ya nazi mpaka vidole vyangu vikafa ganzi, na mguu wake haukujua kama naukanda.

Jirani yetu huku ni mwanamke wa Ileje, wa kule Isongole, jina lake Mama Tusekile. Ni Mkristo wa Moravian, anauza maharage sokoni, na bahari hajaiona hata siku moja. Lakini ana moyo. Kila akitoka sokoni anapita kumsalimia Idi, anamletea maziwa, anakaa naye. Siku moja mimi nilikuwa jikoni napalia mkaa, nikamsikia anamuuliza:

"Hebu niambie, mwanangu. Huo mwamba mnaousema si uko katikati ya maji? Sasa mtu anaufikiaje? Kuna daraja?"

Idi akacheka. Hamadi, tangu afike huku alikuwa hajacheka. Nikauacha mkaa nikasimama nyuma ya mlango.

"Hakuna daraja, mama. Kuna mashua. Mashua ikiwepo umemaliza, inakushusha juu ya mwamba wenyewe na inakungoja hapohapo. Lakini mashua ya kambi nilikokuwa nawaongoza wageni kuzamia injini yake ilikufa, ndiyo mwenye kambi akasema wageni watoke ufukweni kwa miguu."

"Kwa miguu juu ya maji?" akasema Mama Tusekile. "Huyo alikuwa mmoja tu, na hakuwa mtu wa kwenu."

Wakacheka wote wawili. Kisha Idi akamweleza vizuri, kama anavyowaeleza wageni. Kwamba kwenye maji ya bamvua, bahari ikipwa, uwanda wa mawe unabaki mtupu, unatembea juu yake na mtungi wa hewa mgongoni mpaka ukingoni, pale panapoitwa Mlango Mdogo, unavaa mapezi yako, unangoja maji yatulie, unashuka ukutani. Kwamba maji yakiwa mengi huwezi kutembea, unalala chali, jaketi umeijaza upepo, unapiga miguu taratibu, na hewa ya mtungi unaitunza mpaka ufike. Kwamba wengine wanafunga kamba kutoka ufukweni mpaka kwenye boya wakajivuta nayo, na wengine wanapakia mitungi juu ya tyubu ya lori wakaisukuma, wakavaa hukohuko mwambani.

Mama Tusekile akasikiliza yote. Halafu akauliza, "Na kurudi?"

Idi akatazama malori. Mwanamke akadhani hakusikia, akarudia. "Nimeuliza kurudi, mwanangu. Kwenda nimeelewa."

"Kurudi ndiyo kazi yenyewe," akasema Idi, na hapo ndipo akaanza kusimulia siku ile.

Hamadi, soma tena hapo. Kurudi. Swali la muuza maharage wa milimani. Wewe mtoto uliyezaliwa maji yanagonga ukuta wa nyumba, katika ujumbe wako wote umeandika jinsi ya kwenda. Tyubu hivi, kamba hivi, wageni wawili wawili. Kurudi hukuandika hata neno.

Siku ile ulikuwepo, lakini ulikuwa ufukweni, kwa hiyo usijifanye unaijua. Wageni walikuwa wazee wawili, mke na mume. Idi akawatembeza juu ya mwamba vizuri, amewashika mkono kwenye mashimo. Walipofika ukingoni akachomeka kijiti.

Kijiti kile nilimfundisha mimi. Nimechokoa pweza juu ya mwamba ule kabla mama yako hajazaliwa, na sisi wanawake wote tulikuwa tunachomeka kijiti kwenye mchanga kati ya mawe. Maji yakikigusa, unageuka. Hata kama pweza anakuonyesha mkono shimoni, unageuka, unamwacha. Hakuna mwanamke wa ukoo wetu aliyezama akienda kuchokoa, na sababu yake ni kijiti.

Basi Idi akachomeka kijiti cha bibi yake, akamridhisha bibi yake, akashuka chini. Niambie wewe, mtu aliyeko chini ya maji kijiti atakionaje?

Nimelifikiria hilo mpaka kichwa kinauma. Kile kijiti ni cha mtu mwenye kichwa juu ya maji. Wao walikutana na kasa huko chini, yule mama wa kizungu hakutaka kumwacha, wakamfuata. Walipoibuka kijiti hakipo, mwamba wote umefunikwa, mawimbi yanapasukia palepale walipopita kwa miguu. Kutembea hakuna tena. Idi akawalaza chali, akawaambia wasitazame nyuma, akawazungusha mbali na mawimbi, akawavuta mpaka ufukweni. Mzee alikuwa anatapika. Aliwafikisha, wote wawili, wazima. Hilo usilisahau unapomwita kaka yako mzembe.

Wangeishia hapo, leo angekuwa anatembea. Lakini boya la kambi lilibaki kule Mlangoni, jiwe lake la nanga limenasa chini. Idi akarudi peke yake kulichukua, kwa hewa iliyobaki. Nani alimwambia arudi, sijauliza, na yeye hajasema.

Unakumbuka mchezo wenu wa kuibua jiwe? Mlikuwa mnatupa jiwe jeupe kilindini mnashindana, chini juu, chini juu, anayeibuka nalo ni mfalme. Idi alikuwa mfalme siku zote. Basi kule Mlangoni akafanya vilevile. Kamba imenasa, anashuka, anavuta, haiji, anaibuka mbio kutazama boya limekaaje, anashuka tena. Chini juu, chini juu, kama mtoto, na mtungi uko mgongoni. Wageni wao, akasema, hupanda polepole, wanasimama njiani, wanangoja, wanapanda tena. Yeye alilijua hilo, aliwaambia wageni kila siku. Lakini alipokuwa peke yake mwili wake ulikumbuka mchezo.

Akatoka na boya. Akakaa akala muhogo. Akasema miguuni naona kama siafu. Kisha akataka kusimama.

Na ninyi mkafanya nini? Mkachimba mchanga. Mkamfukia mpaka kiunoni, jua la mchana, mkamsomea, mkasema upepo wa bahari utanyonywa na mchanga wa moto. Nafahamu, ndivyo tulivyowafanyia wazee wenye baridi yabisi tangu zamani, na wengine walinyanyuka. Lakini huyu alikuwa kijana aliyetoka kilindini, si mzee mwenye baridi. Mlimfukia mpaka magharibi. Anasema alikuwa anatazama mnavyomwagia mchanga kwa ndoo, na wewe Hamadi ulikuwa unamtania, "Tukuzike kabisa tupumzike?" naye akacheka, maana mchanga uzito wake hakuusikia. Akajua palepale. Akacheka tu ili mama yenu asijue.

Halafu mkampakia gari mkamleta kwangu. Kutoka usawa wa bahari mpaka huku juu. Anasema walipokuwa wanapanda mlima Kitonga maumivu yalitoka kiunoni yakapanda kifuani, akang'ata shati lake ili abiria wasimsikie.

Nilipochoka kumkanda tukampeleka hospitali. Daktari kijana, mpole, akanikalisha. Akasema ni mapovu, bibi. Hewa imeingia kwenye damu ikakaa kwenye uti wa mgongo, kama soda ukiifungua kwa pupa. Akasema iko mashine, chumba cha chuma, mtu anaingizwa humo anarudishwa kilindini bila maji, anapandishwa taratibu, lakini ingefaa siku ileile. Akasema na mlima nao ulizidisha. Nikamuuliza, "Sasa atatembea?" Akatazama karatasi. Daktari akitazama karatasi hakuna haja ya kumuuliza mara ya pili, lakini nilimuuliza, na akatazama tena karatasi.

Nilirudi nyumbani nina hasira na watu wote. Na mama yako, na wewe, na huyo mwenye kambi aliyekuja kuchukua boya lake na mitungi yake hata hakuuliza kijana amelala wapi. Na bahari pia. Hasira imebaki, sina pa kuiweka, ndiyo maana unaisoma.

Sasa ujumbe wako. Ulipofika, Selemani alikuwa ng'ambo, simu yake kaniachia mimi. Nikausoma kwa sauti barazani, Idi anasikiliza, sikujua kilichomo mbele. Nikasoma, "Mjomba nitafutie tyubu mbili za lori, nzima, huko kwenu ni nyingi. Mwenye kambi amekubali niendelee na wageni. Tutapakia mitungi juu yake, kazi itakuwa nyepesi. Mimi si mzembe kama Idi, mimi nitarudi mapema."

Nilipofika kwenye neno mzembe nikasimama. Nikataka kusema hapa pamefutika. Idi akasema, "Malizia, bibi." Nikamalizia.  Alikunywa uji wake, akamshukuru Mama Tusekile kwa maziwa, akatazama malori.

Selemani naye, mjinga, mwanangu lakini mjinga, akaja na tyubu mbili. Alizipata kwa dereva mwenzake. Kubwa, nyeusi, mtu anakaa ndani yake kama kwenye beseni. Nikamwambia zipeleke zilikotoka. Idi akasema, "Hapana, mjomba. Nipe nizipime. Mtu asitumiwe kitu kibovu."

Nikafikiri amekusamehe. Nikamletea karai la maji. Selemani akazijaza upepo, Idi akawa anazizamisha sehemu kwa sehemu, anazungusha, ameinamisha sikio, anatafuta mapovu. Alikaa nazo asubuhi yote. Ameinama juu ya yale maji ya karai, uso karibu kabisa, mpaka nikamwambia utaanguka. Nikamuuliza, "Vipi, zinavuja?"

"Hazivuji, bibi. Nzima kabisa."

"Basi zifungwe zimwendee mwenyewe."

Akasema, "Uzima wake ndio ubaya wake. Zingekuwa mbovu angeziacha ufukweni."

Akaomba kisu. Akatoa upepo, akaipasua ya kwanza, akaichana mkanda mmoja mrefu, akauvuta kuupima, akaendelea na mwingine. Mikono yake bado ina nguvu ile. Selemani akafungua mdomo nikamkanyaga mguu. Mpaka adhuhuri tyubu zote mbili zilikuwa rundo la mipira, kama mikunga, wale samaki-nyoka, wamelala barazani. Wale vijana wa baiskeli wanaovusha mizigo mpakani wakapita, mmoja Mzambia akasimama, akanisalimia kwa lugha ya kwao, "Mulishani, bamayo, hii mipira mnauza?" Idi akamjibu mwenyewe, "Hii ina mwenyewe. Pita kesho, nitakuchania mingine." Na kweli Selemani amemletea tyubu mbovu kutoka gereji, na Idi sasa anachana. Anakaa pale na kisu chake, watu wanamwita fundi. Usidhani nakuambia amepona. Usiku nasikia anavyovuta shuka. Lakini ana kitu mkononi.

Kwa hiyo tyubu zako ndizo hizo zilizomo kwenye kiroba, umeletewa na dereva rafiki wa mjomba. Usiseme zimeibwa. Mkanda mmoja haukupungua.

Tyubu ingekufikisha mwambani, Hamadi. Kamba pia ingekufikisha, na kuogelea chali kungekufikisha. Wewe ni mwana wa binti yangu, najua ungefika. Hakuna aliyewahi kunililia kwa sababu ya kwenda. Ukitaka kazi ya wageni, mwambie huyo mwenye kambi atengeneze injini yake, aweke na mtu juu ya mashua anayetazama maji wakati wengine wako chini. Akikataa, basi mwambie aingie yeye. Na mtu akitoka majini akasema siafu, msiguse mchanga. Hospitali, siku hiyohiyo, mkapige kelele mlangoni mpaka mtu atoke. Umesikia? Mama yako namwandikia hilihili, naye asianze kulia, amelia vya kutosha na kilio chake hakikumpandisha Idi kwenye gari la hospitali.

Nisalimie mdogo wangu anayechoma mikate, mwambie moshi wake nauota. Nisalimie mwalimu wa Kurani wa chuoni aliyewafundisha nyote wawili, mwambie amwombee Idi kwa jina, asiseme tu "wagonjwa wetu". Nisalimie na yule mzee fundi wa mitumbwi, mwambie kama anahitaji mtu wa kumshikia mbao, yupo mmoja ana mikono na hana kazi ya maana. Wewe utajijua.

Idi nilimuuliza niandike nini kutoka kwake.  Akasema, "Mwambie mipira ile inafaa kumfungia mbuzi." Nikasema hilo tu? Akasema, "Mwambie pia huku kuna kigoda cha pili, na visu viwili." Akaniangalia, halafu akatazama barabarani.

Basi, dereva anarudi huku wiki ijayo, nimeshasema naye, kiti kipo. Kama huji, sema huji, usinidanganye na mtandao. Kama unakuja, njoo kabla hujaingia tena majini, na uje kwa miguu yako yote miwili, maana mimi sina tena nguvu za kubeba mingine.

Ni mimi bibi yako,
Somoe, mama yake Zuhura